Safari ya Kwenda Kuwaona Choroa Weupe

 

Twataka kuwapa habari ya safari ambayo hatujaifunga bado. Desturi ya wengi ni kuandika habari ya safari wakiisha kurudi. Sisi twaandika kabla ya kwenda, kwa sababu mambo tuliyofundishwa katika kuitengeneza safari hii yametupata hapa hapa nyumbani, na mengine si ya kutusifu.

Mahali tunapokusudia kwenda ni jangwa la Oman, katika uwanda mkubwa uitwao Jiddat al-Harasis. Huko iko hifadhi ya wanyama, na makao yake yako mahali paitwapo Jaaluni. Twataka kumwona mnyama mmoja kuliko wote, yaani choroa wa Arabuni. Ninyi mkaao upande wa kaskazini ya Kenya mwamjua choroa wetu, mwenye rangi ya kijivu na pembe ndefu kama mikuki miwili. Yule wa Arabuni ni ndugu yake, lakini ni mdogo zaidi, na mwili wake ni mweupe, miguu yake ina rangi ya udongo uliokolea, na usoni ana mabaka meusi.

Majirani zetu waliposikia walicheka. Mmoja alisema, “Choroa wako Isiolo, mwendo wa asubuhi moja tu kwa motokaa, aendaye kutafuta choroa ng'ambo ya bahari ana nini?” Neno hili ni la haki, nasi hatuna budi kulijibu.

Baba yetu mzee, aliyekuwa mzazi wa mmoja wetu na mkwe wa mwingine, alikuwa kibarua huko Isiolo alipokuwa kijana. Alikuwa na hadithi moja aliyopenda kuisimulia kuliko zote. Alisema kwamba mwaka 1962 waliletwa choroa watatu weupe kutoka mbali, madume wawili na jike mmoja, wakatiwa zizini, naye alikuwa mmoja wa watu waliowakatia majani na kuwatekea maji. Alisema walikuwa weupe kama maziwa, tena wapole kuliko alivyotazamia. Baadaye walitiwa katika masanduku makubwa ya mbao, wakachukuliwa. Alipouliza waendako, aliambiwa ni Amerika. Basi kila alipokutana na mtu aliyetoka Ulaya au Amerika, awe mgeni wa misheni au mwanafunzi aliyerudi masomoni, mzee wetu alimwuliza swali lile lile: “Je, wale watatu walifika?”

Hakuna aliyejua. Nasi hatukumsadiki. Tulikuwa waalimu, tuna vyeti vyetu, tena tulifundisha habari za wanyama darasani. Tukamwambia kwamba choroa hawana weupe huo, labda aliona mbuzi, au labda aliona choroa aliyezaliwa bila rangi, kama wanavyozaliwa watu wengine. Yeye alinyamaza, kisha baada ya miezi akaisimulia tena.

Siku moja ya Krismasi tulikuwa na wageni mezani, na mmoja wao alikuwa ametoka Amerika. Mzee wetu akajisogeza, akaanza: “Mwaka ule wa 1962...” Sisi tuliona haya. Tukamkata neno mbele ya wageni, tukasema, “Haya, Baba, chakula kinapoa.” Akainama, akala. Tangu siku ile hakuisimulia tena hadithi ile mbele yetu, wala hatukumwuliza. Alifariki mwaka 2006.

Binti yetu hufanya kazi ya uuguzi katika mji wa Maskati. Huko choroa ni mnyama wa taifa, na picha zake huonekana mahali pengi. Siku moja alisoma habari za mnyama huyu tangu mwanzo, akatuandikia barua fupi. Alisema, “Baba na Mama, shikamooni. Babu hakuwa mwongo. Walikuwa watatu, na walikaa Isiolo.”

Tulipoisoma barua ile hatukusema neno kwa muda. Kisha tukatafuta vitabu, nasi tukaona kwamba mambo yalikuwa hivi.

Zamani choroa wa Arabuni walienea katika majangwa yote ya nchi ile. Wabedui waliwawinda, lakini mtu aliyepanda ngamia hawezi kuwamaliza. Zilipokuja motokaa na bunduki za nguvu, mambo yaligeuka, maana motokaa haichoki, wala jangwa lile halina msitu wa kujificha. Basi mwaka 1962 chama kimoja cha London cha kuhifadhi wanyama kilimtuma Meja Ian Grimwood, aliyekuwa mkuu wa idara ya wanyama wa pori katika Kenya, aende mipaka ya mashariki ya nchi ya Aden, ambayo leo ni sehemu ya Yemeni, awakamate wachache wazalishwe mahali pa salama. Walipata wanne tu, na mmoja akafa. Waliosalia ni madume wawili na jike mmoja, kama mzee alivyosema. Waliletwa Kenya, wakatunzwa Isiolo penye hewa kavu, kisha mwaka 1963 wakafikishwa katika bustani ya wanyama ya mji wa Phoenix, katika jimbo la Arizona. Huko waliongezwa wengine: mmoja kutoka bustani ya London, mmoja kutoka Kuwait, na wanne waliotolewa na Mfalme Saud wa Saudia. Jumla yao tisa.

Tazameni jinsi wakati ulivyokuwa mfupi. Mwaka 1972 wale wa mwisho waliokuwa huru waliuawa katika uwanda ule ule wa Jiddat al-Harasis, na tangu hapo hapakuwa na choroa wa Arabuni hata mmoja porini katika dunia nzima. Lakini wale wa Phoenix walikuwa wamezaa, na uzao wao ulipelekwa mahali pengine pa kutunzwa. Mwaka 1980 wa kwanza walirudishwa Oman, na mwaka 1982 wakafunguliwa mlango, wakatoka jangwani, na watu wa kabila la Waharasis wakaajiriwa kuwalinda. Kwa hiyo jibu la swali la mzee wetu ni hili: Naam, Baba, walifika. Wakazaa, na watoto wa watoto wao wakarudi Arabuni. Jibu hilo lilikuwa limeandikwa vitabuni miaka yote ile aliyokuwa akiuliza, nasi tuliokuwa na elimu ya kusoma hatukulitafuta.

Hiyo ndiyo sababu ya safari yetu. Twaenda kutazama kile alichokiona yeye, na kusema kwa vinywa vyetu kwamba alisema kweli.

Sasa twawapa habari za matengenezo yenyewe, huenda zikamfaa mtu atakayetaka kwenda jangwani, liwe hilo au lingine.

Jambo la kwanza ni gharama. Bwana wetu alisema habari za mtu atakaye kujenga mnara, jinsi impasavyo kuketi kwanza na kuhesabu. Tuliketi, tukahesabu, tukaona hatuwezi. Basi tukauza mtamba mmoja, tukaweka akiba kidogo kila mwezi katika malipo yetu ya uzeeni kwa muda wa mwaka na nusu, na binti yetu akajitolea nauli ya mmoja wetu. Sadaka ya kanisa hatukuigusa, wala karo ya mjukuu aliye chini ya ulezi wetu. Tulikubaliana kwamba safari ya kumheshimu marehemu isiwe sababu ya kuwanyima walio hai.

Jambo la pili ni majira. Wakati wa kiangazi joto la uwanda ule hupita nyuzi 45, na mtu mzima wa umri wetu hana kazi huko. Wakati mwema ni tangu Novemba hata Machi, ambapo mchana huvumilika na usiku huwa na baridi. Kwa hiyo twachukua makoti na mablanketi, jambo ambalo wengi hawalitazamii wasikiapo neno jangwa. Tuliangalia pia mwezi wa Ramadhani, tusije tukafika katika saumu ya wenyeji na kuwa mzigo kwao. Tumechagua Januari.

Jambo la tatu ni ruhusa. Hifadhi ile haiingiwi kama soko. Yapasa kuomba ruhusa kwa Mamlaka ya Mazingira ya Oman mapema, na kueleza idadi ya watu na siku ya kufika. Binti yetu amekwisha kupeleka ombi, na hata leo tunapoandika maneno haya majibu hayajafika. Mmoja wetu alitaka ombi liandikwe kwamba sisi ni jamaa ya mtu aliyewatunza wale watatu, ili tupate upendeleo. Mwingine alikataa, akisema, “Miaka arobaini hatukumsadiki, leo tumfanye barua ya kutufungulia mlango?” Tulishindana juu ya jambo hilo jioni mbili, na mwisho ombi lilipelekwa bila jina la mzee. Ruhusa ikikosekana, tutakaa Maskati na mtoto wetu, nasi tutamshukuru Mungu kwa hilo.

Jambo la nne ni njia. Kutoka Maskati hata mji mdogo wa Haima ni zaidi ya kilometa 500, barabara ya lami katikati ya uwanda mtupu. Na kutoka huko hata Jaaluni yapasa kuacha barabara kuu na kushika njia ya changarawe. Huko motokaa hupita upande wa kuume, si wa kushoto kama kwetu, kwa hiyo hatutaendesha sisi. Tutamkodi dereva mwenyeji mwenye motokaa yenye nguvu katika magurudumu yote manne, naye atajaza petroli Haima, maana mbele ya hapo si vizuri kutumainia bahati. Tutalala Haima, tuondoke kabla ya alfajiri. Maji tutachukua mengi kuliko tunavyodhani yanatosha, na mengine ya akiba yasiyoguswa. Na kabla ya kuondoka tutamwachia mtu wa Maskati maandishi ya njia yetu na saa ya kurudi kwetu, ili tukikawia ajue pa kuulizia.

Kwa habari ya lugha hatuna hofu sana. Wako watu wengi katika Oman wajuao Kiswahili, wale ambao wazazi wao au wao wenyewe walitoka Unguja, hasa baada ya mwaka 1964. Binti yetu asema hununua mboga kwa Kiswahili. Kwa habari ya ibada, Wakristo wa Maskati wengi hukusanyika siku ya Ijumaa, kwa kuwa Jumapili ni siku ya kazi huko. Basi tumepanga kusafiri baada ya ibada, si badala yake.

Jambo la tano ni kujifunza kutazama, na hili ndilo lililotushinda kwanza. Tulidhani kumwona mnyama ni kufungua macho tu. Basi tuliamua kujizoeza karibu, tukaenda hifadhi ya Samburu, upande wa kaskazini wa mji wa Isiolo, ambako ardhi ni kavu na mto Ewaso Nyiro hupita. Tulifika saa nne ya asubuhi, jua limekwisha kupanda, tumejaa ndani ya motokaa pamoja na jamaa na vyakula na maneno mengi. Tuliona vumbi, na mikia ya wanyama wanaokimbia. Tulirudi na uchungu, tukimlaumu dereva.

Mara ya pili tulikwenda wawili tu na mtoto wa ndugu yetu aliye kiongozi wa wageni. Tulikuwa mlangoni kabla ya mlango kufunguliwa. Kijana yule alizima motokaa karibu na migunga, akatuambia, “Sasa tunyamaze, tungoje.” Tulingoja saa nzima. Kwanza hapakuwa na kitu. Kisha kile tulichodhani ni kijiti kikatikisa sikio, kumbe ni swala twiga, amesimama kwa miguu ya nyuma akila majani ya juu. Baadaye walipita punda milia wenye mistari myembamba, na nyuma yao choroa kumi na mmoja, wakienda kwa utaratibu mmoja nyuma ya mwingine. Wote walikuwapo tangu mwanzo. Sisi tulipoacha kusema ndipo tulipowaona. Katika njia ya kurudi hatukuongea sana, maana kila mmoja wetu alikuwa akifikiri juu ya meza ile ya Krismasi.

Kwa hiyo tumejiwekea sheria chache za jangwa la Oman. Nguo zetu zitakuwa za kufunika mwili, za rangi ya mchanga, si nyeupe wala nyekundu. Hatutamwambia dereva awafuate wanyama mbio ili tuwaone karibu. Jamaa yao iliangamizwa kwa motokaa, na mnyama aliyekimbizwa jangwani hupoteza maji ya mwili ambayo hana mahali pa kuyapata upesi. Hatutaiacha njia iliyokanyagwa, maana katika changarawe ile alama ya gurudumu hukaa miaka mingi. Tutachukua darubini moja nzuri ya kuazima, tupokezane. Na kila neno la mlinzi Mharasis litakuwa sheria kwetu.

Tena tumejiambia ukweli juu ya yale tutakayoyaona. Wengine hudhani kwamba choroa wakiisha kurudishwa, hadithi imekwisha kwa furaha. La, sivyo. Mwaka 1996 walikuwa wamefika kama 450 katika uwanda ule. Ndipo wezi wakaanza kuwakamata, hasa majike, wakawauze wakiwa hai kwa watu wapendao kufuga wanyama wa tunu. Mwaka 2007 walibaki 65 tu, na mwaka huo huo serikali ilipunguza eneo la hifadhi kwa sehemu tisa katika kumi, ili mafuta ya ardhini yatafutwe. UNESCO, iliyokuwa imeiandika hifadhi ile mwaka 1994 katika orodha ya urithi wa dunia, ikaifuta. Nayo ikawa ya kwanza duniani kufutwa. Tangu hapo wametunzwa upya, wakaongezeka hata kuwa mamia, lakini wengi wako ndani ya uzio. Tena nchi nyingine kama Saudia na Yordani wamo, na mwaka 2011 wataalamu walitangaza kwamba hatari yao imepungua. Yaelekea basi tutawaona nyuma ya waya, si katika uhuru kamili. Mmoja wetu alihuzunika kwa jambo hilo. Mwingine alisema, “Baba pia aliwaona zizini.” Ikatutosha.

Na tusipowaona kabisa, viko vitu vingine vya kutazama: swala wa mchangani, tandawala, na labda mbuzi-mwitu katika majabali ya upande wa mashariki. Tena uko ukungu. Hewa ya Bahari ya Arabu huingia usiku katika uwanda ule, hasa katika miezi ya joto, ikaacha matone juu ya miti na mawe, na choroa huyaramba. Uwanda huo hauna mto, na mvua hupita miaka bila kunyesha, lakini wanyama hunyweshwa. Katika kitabu cha Ayubu, sura ya 39, Mungu amwuliza Ayubu habari za punda-mwitu, aliyepewa jangwa kuwa nyumba yake, asiyemtii mwenye kumpigia kelele. Tumeisoma sura hiyo mara nyingi katika sala ya jioni mwaka huu. Twaona kwamba Mungu hamwulizi Ayubu tu kama anaweza kuwamiliki wanyama wale. Amwuliza pia kama anawajua.

Wapendwa, hatuandiki haya ili kila nyumba iuze mtamba iende Arabuni. La hasha. Twaandika kwa sababu katika nyumba nyingi yuko mzee mwenye hadithi moja ambayo watoto wamechoka kuisikia, na waliosoma huicheka. Nanyi waalimu wenzetu, mwajua jinsi ilivyo rahisi mtu mwenye cheti kudhani kwamba asichokifundishwa hakikuwako. Mwulizeni mzee jina la mahali, na mwaka, na idadi, andikeni katika daftari, kisha tafuteni. Ikiwa amekosea, hamkupoteza kitu. Ikiwa amesema kweli, mwambieni angali anasikia.

Sisi tumechelewa. Tumeandika jibu lake katika karatasi, tangu wale watatu hata leo, na watoto wetu wote wamelisoma, na yule mjukuu mdogo amelijua kwa moyo na humsimulia kila mgeni ajaye, hata chakula kikipoa. Hatumkatazi.

Tuombeeni ruhusa ipatikane na njia iwe salama. Tukirudi kwa amani, tutawaandikia tuliyoyaona.

Ni sisi ndugu zenu katika Kristo, mume na mke, waalimu wa zamani.